Nguzo zimefika Msata, pangaboi la upepo la nini?

Ukitokea Bagamoyo, baada ya kilomita 64 za lami zinazopita Makofia na kwenye mananasi ya Kiwangwa, unatokeza njia panda ya Msata. Hapo unaikuta barabara kuu inayopanda Segera na kuendelea Tanga, Moshi na Arusha. Malori yanashusha mwendo, bodaboda zinapanga foleni, na kwenye gereji za pembeni cheche za kuchomelea mageti zinaruka mchana kutwa. Umeme hapa si habari. Kusini kidogo, Chalinze, ndiko unakoingia msongo wa kilovolti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mashine tisa na uwezo wa megawati 2,115. Ni vigumu kupata mji mdogo Tanzania uliokaa karibu zaidi na chungu cha umeme wa taifa.

Kwa hiyo kijana wa Msata anayetaka kutengeneza mtambo wake wa upepo nyumbani, ule wa mapanga matatu juu ya mlingoti, anastahili kuulizwa swali moja kabla ya kukabidhiwa spana: wa nini?

Vijana wa namna hiyo wapo, Msata na kwingineko. Video za kutengeneza mtambo wa upepo kwa bomba la plastiki na mota ya mashine ya kufulia zimejaa kwenye simu, na kila moja inaishia na taa ikiwaka na mtu akitabasamu. Hakuna inayokuonyesha mwezi wa sita baadaye.

Mmoja wa mitambo ya kwanza kabisa kutoa umeme kwa nguvu ya upepo nao ulikuwa wa nyumbani. Julai 1887, James Blyth, profesa kutoka Glasgow, aliusimamisha kwenye bustani ya nyumba yake ya mapumziko katika kijiji cha Marykirk, Scotland. Ulikuwa na urefu wa mita 10 na matanga ya kitambaa, ukachaji betri na kuwasha taa za ndani. Umeme ulipozidi mahitaji yake aliwapa wanakijiji wamulikie barabara yao kuu. Walikataa, wakisema taa hizo ni kazi ya shetani. Manahodha wa Bagamoyo, ambao miaka hiyo hiyo walikuwa wakivuka kwenda Unguja kwa tanga na kurudi, wangewacheka.

Miaka 40 baadaye kifaa hicho kilipata soko lake kubwa katika mashamba ya Marekani. Marcellus Jacobs na ndugu yake, vijana waliokulia kwenye ranchi huko Montana, walijifundisha kutengeneza mitambo ya mapanga matatu, wakafungua kiwanda Minneapolis na kuwauzia wakulima waliokuwa mbali na nyaya. Redio za shambani zililia kwa upepo. Kisha mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaanzisha wakala wa kupeleka umeme vijijini, ambao kwa herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza uliitwa REA. Nguzo zikatembea mashambani, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 biashara ya mitambo ya upepo ya nyumbani ilikuwa imekwisha. Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshashtuka kidogo, kwa sababu sisi nasi tuna REA yetu, Wakala wa Nishati Vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi Oktoba 2007. Hiyo ndiyo iliyofikisha nguzo kwenye vijiji vingi vya Chalinze, kwa ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000.

Miezi michache kabla REA haijaanza kazi, Juni 2007, kijana wa miaka 19 kutoka Malawi alipanda jukwaani mjini Arusha, kwenye mkutano wa TED, akiwa na woga na Kiingereza cha kubabaisha. Jina lake William Kamkwamba. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimtoa shule kwa kukosa ada, naye akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi Wimbe. Kitabu kimoja cha fizikia kilichokuwa na picha za mitambo ya upepo kilimtosha. Alichukua feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dinamo ya taa ya baiskeli na bomba la plastiki alilolipasha moto na kulinyoosha kuwa mapanga, akavipandisha juu ya nguzo za mkaratusi. Taa nne ziliwaka nyumbani kwao, na majirani wakaja kuchaji simu. Kitabu chake kilitoka 2009 na filamu yake 2019.

Kuna sehemu ya habari zake ambayo watu hawaisimulii sana. Kamkwamba alipopata wafadhili na kutaka kukiletea kijiji chake maji ya kisima, pampu aliyoifunga iliendeshwa na sola.

Tuje kwenye upepo wenyewe, maana ndio mafuta ya mashine hii. Pwani yetu ina kusi, inayovuma kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa, na kaskazi ya Desemba hadi Machi. Katikati kuna maleleji, siku ambazo upepo haujui unakotoka wala unakokwenda. Juu ya hapo kuna upepo wa bahari wa alasiri, ule unaowapoza watu ufukweni Bagamoyo. Msata iko bara ya hapo. Upepo unaofika umeshapita kwenye vichaka, mikorosho, mashamba na paa za nyumba, na kila kimoja kimeukata makali. Ushahidi wake hauhitaji kifaa. Mahali penye upepo mkali wa kudumu miti huota imelalia upande mmoja, na matawi ya upande wa upepo huwa mafupi na machache. Miembe ya Msata imesimama wima, imejaa pande zote.

Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu nguvu iliyomo ndani ya upepo inafuata kasi yake ikizidishwa yenyewe mara tatu. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Chukua mtambo ambao mapanga yake yakizunguka yanachora duara la kipenyo cha mita 2.4, saizi inayopendwa na mafundi wa nyumbani. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, unaotikisa majani tu, utakupa kama wati 20. Wa mita 5, unaopeperusha bendera ndogo, wati 90 hivi. Wa mita 10, unaoyumbisha miti midogo na kuwafanya watu waanue nguo kambani, wati 700. Na usidhani fundi hodari ataushinda upepo hafifu kwa ujanja. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hakuna mapanga yanayoweza kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoyapitia. Mtambo wa nyumbani ukinasa robo au zaidi kidogo umejitahidi.

Piga hesabu ya mwezi. Mahali penye wastani wa mita 3 kwa sekunde, mtambo huo wa mita 2.4 utakupatia uniti 20 au zaidi kidogo. Mteja mdogo wa TANESCO wa kundi D1, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Jasho lote, shaba yote na sumaku zote zimekuletea umeme wa shilingi 2,000 hivi kwa mwezi, fedha ya sahani ya chipsi kavu pale njia panda. Paneli moja ya sola ya wati 200, isiyo na kitu kinachozunguka wala mlingoti wa kuogopwa, nayo inakupa uniti zizo hizo 20, ikiwa imelala juu ya bati.

Hesabu hiyo ningemwekea kijana mezani. Kisha ningempa spana.

Ningempa kwa sababu ya zile gereji za njia panda. Mafundi wa pale wana grenda, dreli, mashine ya kuchomelea na macho yaliyozoea chuma. Wanachokosa wengi wao ni kuelewa umeme unatoka wapi kabla haujafika kwenye soketi, na sijaona darasa linalofundisha jambo hilo haraka kuliko jenereta uliyoisuka kwa mikono yako. Anayejua kusuka koili za mtambo wa upepo hatashindwa na mota ya pampu iliyoungua, na mota zilizoungua haziishi.

Kosa la kwanza la wengi ni kukimbilia oltaneta ya gari. Oltaneta imetengenezwa ivutwe na mkanda wa injini na inaanza kuchaji vizuri ikizunguka mara elfu na zaidi kwa dakika. Mapanga ya mita 2.4 kwenye upepo wa mita 5 yanazunguka kama mara 280. Ukiweka puli na mkanda kuongeza mzunguko, msuguano unakula ule umeme mdogo uliokuwa unautafuta, na oltaneta nayo inadai umeme wa betri ili tu kujitengenezea usumaku wake. Dawa ilipatikana kwa watu waliokosa nguzo. Hugh Piggott, anayeishi Scoraig, rasi ya Scotland isiyofikiwa na barabara wala gridi, aliunda jenereta ya sahani inayoweza kutengenezwa kwenye karakana yoyote, akaandika vipimo vyake kwenye vitabu ambavyo mafundi wa mabara yote wamevifuata.

Jenereta yenyewe ni rahisi kuielewa ukiishika. Unachukua habu ya gurudumu pamoja na beringi zake, kitu ambacho wauza skrepa wa barabara hii hawakikosi. Unaifunga sahani mbili za chuma, na juu ya kila sahani unapanga sumaku 12 za neodimiamu, bapa, za milimita 46 kwa 30 na unene wa 10, ncha za kaskazini na kusini zikipokezana. Sahani zinatazamana, sumaku ya kaskazini ikiikabili ya kusini. Kati ya sahani kuna nafasi nyembamba, na humo ndimo inamokaa sahani ya tatu isiyozunguka, iliyofinyangwa kwa rezini na faibaglasi, yenye koili 9 za waya wa shaba. Kwa kuwa ndani ya koili hakuna chuma, sumaku hazina cha kung'ang'ania, na mapanga yanaanza kuzunguka hata upepo ukiwa mdogo.

Koili ndiyo inayompima fundi. Unatengeneza kibao chenye mashavu mawili na mpini wa kuzungushia, waya unauvuta kwa mkono wa kushoto uliovaa glavu, wa kulia unazungusha, na mdomo unahesabu. Mtu asikusemeshe. Waya ukilegea koili inavimba na haitaingia kwenye ile nafasi nyembamba. Ukikwaruza vanishi ya waya mizunguko inagusana na koili inapata moto. Ukipunja mizunguko kwenye koili moja, koili hiyo itatoa volti pungufu kuliko wenzake na jenereta itanguruma badala ya kutulia. Kwa betri ya volti 12 mizunguko ni michache na waya mnene. Kwa volti 48 ni kinyume chake, na hilo ndilo la kuchagua kama mlingoti uko mbali na nyumba, maana umeme wa volti ndogo hupotea njiani kwenye waya mrefu.

Sumaku zenyewe zinahitaji adabu. Mbili zikirukiana kidole kikiwa katikati, kidole hakitoki salama. Zinatoka China kwa sehemu kubwa, ilhali madini ya kuzitengeneza yapo Ngualla, mkoani Songwe, kwenye mlima uliotolewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023. Tena hazipendi kutu. Zisipozamishwa vizuri kwenye rezini, hewa ya chumvi ya Bagamoyo itazivimbisha zikwangue koili.

Mapanga ni kazi ya seremala. Usichague mninga wala mvule kwa sababu tu ni mbao za heshima, kwani uzito wake utakusumbua. Paina kavu, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na vifundo, kama ile ya Sao Hill, Mufindi, inafaa zaidi. Shina la panga huwa pana na limelazwa kwa pembe kali, na kadiri unavyokwenda nchani linakuwa jembamba na kukaribia kuwa bapa. Sababu ni mwendo: ncha inakwenda kama mara saba ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unamaanisha ncha inakata hewa kwa kilomita 250 kwa saa, mwendo ambao hata mabasi ya Arusha hayajauota. Ndiyo maana mapanga lazima yapimwe uzito moja moja na kusawazishwa kwa vipande vya risasi, na ndiyo maana mtu asisimame usawa wa mapanga siku ya majaribio. Mabomba ya plastiki ya kwenye video hufaa kwa mtambo wa kuchezea. Juani hukakamaa, na siku ya dhoruba hupasuka.

Mkia una akili kuliko unavyoonekana. Jenereta hufungwa pembeni kidogo ya mlingoti, si katikati, na mkia hufungwa kwa bawaba iliyoinamishwa. Upepo ukiwa wa kawaida, uzito wa mkia unauweka mtambo uso kwa uso na upepo. Ukizidi, nguvu inayosukuma mapanga inaushinda uzito huo, mkia unajikunja kwa kupanda, na mtambo unageuza uso pembeni. Upepo ukipungua mkia unashuka wenyewe. Hakuna waya wala kompyuta. Mitambo mingi ya kienyeji huvunjika kwa kukosa mkia wa namna hii.

Mlingoti ndio unaovunja mifuko. Kanuni ya mafundi ni kwamba ncha ya chini ya panga iwe juu, kwa mita 9 hivi, kuliko chochote kilichopo ndani ya mita 150. Mwembe wa mita 15 karibu na nyumba unadai mlingoti wa mita 25. Hapo wengi hukata kona na kuufunga mtambo juu ya paa, ambako upepo ni wa kujikunja na mtetemo unakesha na wenye nyumba. Mlingoti unaofaa ni bomba la chuma lenye bawaba chini na kamba za chuma pande nne, ili uweze kulazwa na kusimamishwa bila mtu kupanda. Utalazwa mara nyingi kuliko unavyodhani: kupaka grisi, kukaza nati, kupiga rangi ncha za mapanga zilizoliwa na vumbi.

Chini kuna nyaya tatu kutoka kwenye jenereta zinazoingia kwenye dayodi, kisha betri na kontrola. Hapa sola na upepo haviendani tabia. Paneli ukiikata kwenye betri inatulia tu. Mtambo wa upepo ukiukata unakimbia hovyo hadi uvunjike, kwa hiyo betri ikijaa kontrola lazima ipeleke umeme wa ziada mahali pengine, kwa kawaida kwenye waya wa hita. Breki yake ni swichi inayoziunganisha zile nyaya tatu pamoja; jenereta inajikaba yenyewe na mapanga yanasinzia. Betri ya gari, ile N70 iliyostaafu kwenye Fuso, itakufa mapema ikichajiwa na kumalizwa kila siku. Upande wa sheria hakuna kikwazo kikubwa: chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, mitambo isiyofika megawati 1 haidaiwi leseni. Jirani mwenye ukuta ulio ndani ya urefu wa mlingoti wako ana haki ya kuwa na maswali.

Nje ya njia panda hesabu inabadilika. Ukielekea baharini, Saadani na vijiji vya wavuvi vya ufukweni, upepo unafika mzima na unavuma saa ambazo jua limeshalala, kwa hiyo mtambo mdogo na paneli vikichangia betri moja vinasaidiana. Na huku bara, kwa wafugaji wa Kimaasai wenye maboma mbali na nyaya, mahitaji makubwa si taa. Ni maji, na kwa maji upepo hafifu una kifaa chake cha zamani: kinu cha mapanga mengi kinachozunguka polepole na kuvuta pampu kwa fimbo moja kwa moja, bila koili wala betri. Kampuni ya Bobs Harries ya Thika, Kenya, ilianza kuunda vinu hivyo kwa jina la Kijito mwishoni mwa miaka ya 1970. Kinaanza kazi kwenye upepo wa mita 3 kwa sekunde au chini ya hapo, na usiku kikipata upepo kinaendelea kujaza tangi watu wamelala. Lambo likikauka mwezi wa tisa, hakuna atakayeuliza uniti ni shilingi ngapi. Sehemu zake karibu zote ni chuma cha kuchomelewa. Kama ningekuwa na gereji Msata na kijana mwenye hamu ya upepo, huko ndiko ningemwelekeza baada ya jenereta yake ya kwanza ya kujifunzia.

Kabla ya yote hayo anunue kipima upepo kidogo cha vikombe vitatu, akifunge juu ya bomba la mita 10 mahali peupe, na akisome tangu kusi inapoingia hadi kaskazi inapokwisha, maleleji yakiwemo. Ramani ya Global Wind Atlas, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark na Benki ya Dunia na isiyolipiwa, itampa picha ya jumla, lakini haiujui mwembe wa jirani yake. Wastani ukitoka chini ya mita 4 kwa sekunde, anunue paneli. Bomba lililobeba kipima atalikata vipande vinne, vitamtosha kuwa miguu ya fremu yake.